Nauza duka la vifaa vya ujenzi mji mdogo, wanunuzi wanataka mzigo tu. Nifanyeje?

Msumari Nchi Tatu (mleta uzi):
Wakuu, habari za muda huu. Duka langu liko mji mdogo, mbali na jiji. Umri umesogea, magoti yamegoma kupanda ngazi za stoo, na watoto wana ajira zao. Hakuna anayetaka kurudi kupima misumari. Nimeulizia wanunuzi chini kwa chini. Wote wanapiga hesabu ya mzigo ulioko kwenye rafu, basi. Jina la duka na mafundi wanaoniletea wateja, wanunuzi hao wanasema hawavioni. Niuze hivyo hivyo?

Kaunta ya Nyuma:
Pole mkuu, ila hawajakosea sana. Hao mafundi wanalifuata duka au wanakufuata wewe? Kama madeni ya wateja na bei za wasambazaji viko kichwani mwako, siku ukiondoka vinaondoka nawe. Weka mauzo ya miaka mitatu kwenye maandishi, na yaendane na uliyowaambia watu wa kodi. Kisha kaa nyumbani mwezi mzima, kijana wa dukani aendeshe. Mauzo yasiposhuka, hapo una kitu cha kuuza.

Mzee wa Bei Poa:
Funga, piga punguzo, kalale.

Mama Stoo:
Kufunga nako kuna gharama, wafanyakazi wana stahiki zao. Mleta uzi, fremu ni yako au umepanga?

Msumari Nchi Tatu:
Nimepanga, mkataba umebakiza mwaka na ushee. Halafu huyo kijana aliwahi kuniuliza kama naweza kumuuzia. Nikacheka tu, hela hana.

Mhasibu Mstaafu:
Mnunuzi wako ndiye huyo! Wasambazaji wanamjua, mafundi wamemzoea. Atoe kianzio, kinachobaki alipe kwa awamu kutokana na mapato. Ila mwanasheria aandike: mali ibaki dhamana mpaka amalize, vitabu uvione kila mwezi, na akikosa awamu hatua zijulikane. Kama umesajili kampuni, angalieni vizuri: akinunua kampuni nzima anabeba na madeni yake, akinunua mali na jina, madeni kwa kawaida yanabaki kwako. Mzigo mhesabu pamoja usiku wa makabidhiano, boksi kwa boksi. Rangi iliyoganda na saruji iliyokula unyevu haziingii kwenye bei, hata kama zinakuuma.

Msumari Nchi Tatu:
Saruji hiyo ipo, mifuko ya nyuma kabisa 😅 Jumatatu nakaa na kijana. Mama Stoo, mwenye fremu nimwambie lini?

Mama Stoo:
Mkishakubaliana kwa mdomo, kabla hamjasaini. Akisikia mitaani atapandisha kodi. Soma kwanza kama mkataba unaruhusu kumwachia mtu mwingine, kisha nenda na kijana mwenyewe, mkamwombe mkataba mpya kwa jina lake. Na stakabadhi zako zote za kodi ya pango uwe nazo mkononi.