Siku ya familia kwenye kituo cha utafiti wa ubongo wa watoto: meza zipi zibaki, zipi ziondoke?

Mratibu_Matukio:

Habari za leo wakuu. Naratibu siku ya familia kwenye kituo cha utafiti wa ubongo wa watoto. Tunatarajia wageni kama 150, watoto wa miaka 3 hadi 12, shughuli nzima itachukua muda wa saa 4. Karibu nusu ya familia ni zile ambazo watoto wao tayari wako kwenye tafiti zetu: kifafa, usonji, mtindio wa ubongo, na wachache waliowekewa shanti (mrija wa kupunguza maji) kwa sababu ya maji kichwani.

Rasimu ya meza ni hii:

1. EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) mubashara: mtoto anayejitolea anavishwa kofia ya elektrodi, mawimbi yake yanaonekana kwenye skrini kubwa.
2. Sumaku za kuchezea, kueleza MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) inavyofanya kazi.
3. Shindano la kupuliza feni za karatasi na maputo.
4. Filamu ya dakika 8 ya "safari ndani ya ubongo", na taa za rangi.
5. Kuingia chumba cha MRI (tesla 3, tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) watu watano watano.
6. Mashine ya mfano ya MRI, ile isiyo na sumaku.
7. Dawati la kuandikisha watoto kwenye utafiti mpya.

Naomba mnikosoe bila huruma. Nahitaji pia kujua foleni ya namba 6 niipangeje.

---

Fundi_Mawimbi:

Mkuu, futa namba 3 leo hii. Feni ya karatasi ya kwenye kijiti ndiyo kifaa tunachompa mtoto maabara tunapotaka kuchokoza kifafa cha kuduwaa (mtoto anapotewa na fahamu kwa sekunde chache tu). Kupuliza kwa nguvu dakika 3 mfululizo kunashusha kabonidaioksaidi kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, na kwa mtoto mwenye kifafa hicho ambaye hajaanza dawa, mawimbi ya mwiba (yenye ncha kali) yanayojirudia mara 3 kwa sekunde hutokea mara nyingi hata kabla dakika hazijaisha. Maabara kuna mtu anamwangalia usoni na kumuuliza neno la kukumbuka. Ukumbini kuna makofi tu, na anayeduwaa ataonekana kama aliyeshindwa mchezo. Maputo nayo yako hapohapo, na yakipasuka umewapoteza watoto wa usonji kwa muda wote uliobaki.

Namba 4 ibaki, taa ziondoke. Mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa kwa wale wanaoathiriwa na mwanga. Mbaya zaidi ni kati ya 15 na 25. Ipitieni filamu kipande kwa kipande, pasiwe na sehemu inayomweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde, hasa nyekundu iliyokolea. Onyesheni taa za ukumbi zikiwa zimewashwa na viti vya mbele vikiwa mbali na skrini. Wahudumu wajue hili: mtoto akianza kusumbuliwa na mwanga, azibe jicho moja kwa kiganja na ageuke pembeni. Kufumba yote mawili hakusaidii, maana mwanga hupenya kope.

Namba 1 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inaonekana haina madhara. Kati ya watoto 100 wazima, wasio na kifafa wala historia yoyote, takriban 2 hadi 4 wana miiba kwenye EEG yao. Wengi wao hawatapata degedege maisha yao yote. Sasa mwiba huo utokee kwenye skrini ya mita mbili, mama yake yuko safu ya pili, na kwenye ukumbi kuna wazazi wa watoto wenye kifafa ambao wanaujua mwiba kwa sura. Utasema nini? Avae mfanyakazi mtu mzima, ambaye EEG yake mmeshaiona na imekubaliwa ionyeshwe.

Tena huhitaji elektrodi zote 21 za mfumo wa 10-20 (utaratibu wa kupanga elektrodi kichwani). Mbili za paji la uso (Fp1 na Fp2), mbili za kichogoni (O1 na O2), rejea (ya kulinganishia) kwenye ndewe za masikio, na ya ardhi (ya kupunguza kelele za umeme) katikati ya paji. Namba witwa ni kushoto, namba shufwa kulia. Za kichogoni ndizo watu hukosea. Pima kwa futi ya kitambaa kutoka bonde la shina la pua, kupitia utosini, hadi nundu ya kichogo. Ukipata sentimita 36, panda 3.6 juu ya nundu (asilimia 10). Kisha pima mzunguko wa kichwa. Ukiwa 56, ondoka 2.8 kushoto na 2.8 kulia (asilimia 5 kila upande). Tia alama kwa penseli ya ngozi.

Sugua ngozi kwa krimu ya kukwangua hadi ukinzani ushuke chini ya kilohomu 5, na zote zikaribiane. Moja ikiwa 4 na nyingine 40, umeme wa ukutani wa hezi 50 (au 60, kutegemea nchi) utaingia na mistari itanona kama kamba. Chaja za simu na kebo ya projekta zikae mbali na nyaya za elektrodi. Jeli ni punje ya njegere tu. Ikizidi, inatiririka chini ya nywele, elektrodi mbili jirani zinaungana na kusoma kitu kimoja. Mistari miwili inayofanana kama mapacha ndiyo dalili yake.

Onyesho lenyewe ni mambo matatu, kwa mpangilio huu. Apepese macho: jicho ni kama betri, mbele chanya na nyuma hasi, kwa hiyo Fp1 na Fp2 zinaruka. Aume meno: skrini nzima inakuwa nywele nyeusi, huo ni msuli, si ubongo. Halafu atulie na afumbe macho: kichogoni yanatokea mawimbi laini ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde, na akifumbua yanapotea. Watoto wakishaona hayo mawili ya kwanza, la tatu wanalielewa bila mhadhara. Waambie pia kwamba kwa mtoto wa mwaka mmoja mawimbi hayo huenda mara 5 au 6 tu kwa sekunde, na hufika 8 akiwa na miaka kama 3.

---

Sumaku_Haizimwi:

Nakuja kwenye 2, 5 na 6.

Namba 2: umesema kuna watoto wenye shanti. Vali (vilango vya kudhibiti maji) nyingi za shanti za kisasa hurekebishwa kwa sumaku kutoka nje ya ngozi. Sumaku ya kuchezea, hedifoni, hata kifuniko cha tableti, ikiletwa karibu na vali inaweza kubadilisha kipimo chake, maji yakatoka mengi mno au machache mno, na dalili zisionekane papo hapo. Ushauri wa kawaida ni kitu chenye sumaku kikae zaidi ya sentimita 5 kutoka kwenye vali. Mtoto wa miaka 4 hajui sentimita 5. Kuna pia watoto wa kifafa waliowekewa kifuani kichocheo cha neva ya vagasi (kifaa kinachochochea neva ya shingoni ili kupunguza kifafa); hicho kinaitikia sumaku inapopitishwa juu yake, ndivyo kilivyotengenezwa. Na vile visumaku vidogo vyenye nguvu, mtoto akimeza viwili vinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ondoa meza yote. Dira moja ndani ya boksi la plastiki lililofungwa inatosha, mezani kwa mhudumu.

Namba 5: hapana. Sumaku ya tesla 3 ina nguvu kama mara 60,000 ya ile ya dunia, na haizimwi usiku wala umeme ukikatika, kwa sababu koili zake zimepozwa kwa heliamu iliyo kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Kumchuja mgeni mmoja kwa usalama ni fomu, mazungumzo na kubadili nguo. Kuwachuja 150 siku ya sherehe, huku watoto wamebeba magari ya chuma mifukoni, hakufanyiki sawasawa. Chumba kifungwe, ufunguo ukae kwa mtu mmoja, na kamera ya ndani ionyeshe picha kwenye skrini ya korido. Wasafishaji na watu wa viti waambiwe mapema. Ajali za vitu vya chuma kurukia sumaku mara nyingi huanzia kwa mtu asiyekuwa kwenye orodha.

Namba 6 ndiyo lulu ya siku yako. Hesabu yake: dakika 6 kwa mtoto, yaani 10 kwa saa, 40 kwa siku nzima. Usifungue foleni, gawa tiketi zenye saa mlangoni, na zile 10 za kipindi cha kwanza, ukumbi ukiwa bado kimya, wape wenye usonji.

Dakika ya kwanza mwanasesere alale kwanza, mtoto ndiye abonyeze kitufe cha kitanda. Ya pili alale mwenyewe, nje ya shimo, miguu ikiwa na mto chini ya magoti. Ya tatu aingie hadi mabegani, atoke, halafu aingie hadi mwisho. Sauti ndipo iwashwe: rekodi ya mashine halisi ianze chini kama mazungumzo ya kawaida na ipandishwe kidogo kidogo. Mashine halisi inaweza kupita desibeli 100, lakini huna sababu ya kufika huko. Lengo ni azoee mdundo, huku amevaa vizibo vya masikio ajue vinavyobana. Dakika mbili za mwisho ni mchezo wa sanamu. Bandika kipande cha tepu laini kutoka paji la uso hadi ukingo wa koili ya kichwa (fremu inayozunguka kichwa). Akisogea, ngozi inavutwa na anajua mwenyewe bila kukemewa. Kama mna programu ya kusimamisha katuni kichwa kinaposogea, iwekeni milimita 5 kwanza, kisha 3.

Kosa kubwa ni kumwambia "usisogee". Mwambie "mpeleke dubu usingizini juu ya tumbo lako". Anapumua polepole, kichwa kinatulia chenyewe.

---

Mratibu_Matukio:

Asanteni sana, nimefuta 2, 3 na 5. Sasa meza mbili ziko tupu (namba 5 ilikuwa chumba, si meza). Na hamjaigusa namba 7, ambayo wakubwa wangu ndiyo wanayoitaka kuliko zote. Fundi_Mawimbi, je, mtu akifumba macho na mawimbi ya kichogoni yasitokee?

---

Karani_wa_Maadili:

Namba 7 ibadilishe jina na kazi. Ridhaa haichukuliwi kwenye sherehe, mtoto mmoja analia na mwingine anavuta sketi. Chukueni kadi ya "nipigieni": jina la mzazi, namba ya simu, umri wa mtoto, saini ya kukubali kupigiwa. Ugonjwa wa mtoto usiandikwe pale. Kadi ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, si kwenye karatasi moja ya orodha ambayo kila anayefuata anasoma majina ya waliotangulia. Simu ipigwe baada ya siku chache, na mtoto mwenye umri wa kuelewa, kwa kawaida kuanzia kama miaka 7, aulizwe naye kivyake. Bango, kipeperushi na hata tangazo la mtandaoni linalotaja utafiti vipite kamati ya maadili kabla ya kuchapwa. Watu wa matukio hulisahau hili kila mara, kisha wanalazimika kuvua mabango asubuhi ya tukio.

Mwanasayansi anayepima asiwe ndiye anayesimama dawatini. Familia zilizo tayari kwenye tafiti zenu zitaona aibu kumkatalia.

Picha: stika mbili, kijani apigwe, njano asipigwe, zibandikwe mgongoni, maana mpiga picha wa ukumbini huwa nyuma yao. Mweko wa kamera uzimwe.

Kama mnatangaza matokeo ya utafiti siku hiyo, yawe yale yaliyokwisha kuchapishwa. Na namba ziandikwe kwa watu: badala ya "hatari imepungua kwa nusu", andika "kutoka watoto 4 kati ya 100 hadi 2 kati ya 100". Washiriki wenyewe wapate barua kabla ya waandishi wa habari.

---

Muuguzi_wa_Zamu:

Meza ya kwanza iliyo tupu: mizani ya uzito. Shona vifuko vitatu vya kitambaa, jaza mchanga: gramu 370, ubongo wa mtoto mchanga, gramu 1,050, wa mwenye miaka 2, gramu 1,300, wa mtu mzima. Watoto wabebe kimoja kila mkono. Hushangaa wenyewe kwamba kile cha miaka 2 kinakaribia cha mtu mzima.

Ya pili: yai bichi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, moja likiwa halina maji, jingine limejazwa maji hadi juu kabisa pasibaki hewa. Tikisa yote mawili. Hapo unaeleza maji yanayozunguka ubongo, kama mililita 150 kwa mtu mzima, na mwili hutengeneza karibu 500 kwa siku, kwa hiyo njia ya kutokea ikiziba shanti inahitajika. Mezani pasikose sabuni ya kunawa mikono, mayai mabichi huweza kuwa na vimelea.

Tenga chumba cha utulivu: taa hafifu, godoro sakafuni, mlango usiofungika kwa ndani. Wahudumu wote wafundishwe la kufanya mtu akipata degedege: angalia saa, ondoa vitu vigumu, kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimshike kwa nguvu, usitie chochote mdomoni. Ikifika dakika 5 au ikirudia kabla hajazinduka, ita gari la wagonjwa. Wazazi waje na dawa ya dharura ya mtoto wao mfukoni, waandikie hilo kwenye mwaliko.

---

Fundi_Mawimbi:

Kuhusu swali lako: wapo watu wazima wenye afya kabisa ambao mawimbi hayo hayaonekani, kwa hiyo wapimeni wafanyakazi watatu wiki moja kabla na mchague mwenye mazuri. Hata aliye nayo huyapoteza akisinzia, basi asiwe aliyetoka zamu ya usiku. Au akikaza macho anapofumba: msuli unafunika kila kitu. Mwambie aachie taya, midomo iachane kidogo, asifikirie hesabu.

Usiku wa kuamkia tukio aoshe nywele kwa shampuu tu, bila mafuta wala losheni, na kama ana nywele za kubandika chagua mtu mwingine, hutaifikia ngozi ya O1. Weka maji ya vuguvugu na taulo karibu. Elektrodi zisuuzwe papo hapo, jeli ikikaukia kwenye fedha-kloridi (utando wa juu wa elektrodi) usiikwangue kwa kucha.