Mwenye yadi ya skrepa akitaka udiwani, tumuulize pasi ya kusafiria au tumuulize mizani?

Wakuu, salaam.

Hoja hii ilianzia chini ya mwembe wetu hapa Mtwara, kwenye bao, na mpaka naandika kuna watu wawili walioapa hawachezi tena pamoja. Nimeona niilete hadharani kabla hawajafika watatu.

Kuna mzee wa skrepa hapa mjini. Jina naliacha, maana hajachukua fomu yoyote, ni maneno tu. Alitoka Yemen mwaka 1994, vita vya kule vilipowaka, akaanza na mkokoteni: masufuria yaliyotoboka, rimu za baiskeli, mabati ya kutu, betri za gari zilizokufa. Akaoa hapa, akazaa hapa, akaandikishwa uraia. Leo ana yadi yenye geti, mizani mbili na lori. Kiswahili chake kina lafudhi, lakini matusi yake ni ya Mikindani kabisa. Ukitokea msiba mtaani, gunia lake la mchele linatangulia kabla ya turubai. Sasa anasema anataka udiwani.

Nusu ya baraza ikaruka: huyu mkuja, mgeni ni kuku mweupe hata akikaa miaka mia. Nusu nyingine ikajibu: mtu kawazikia wazazi wenu, leo mnamwita mgeni?

Upande wa sheria hauna utata mkubwa. Ibara ya 39 ya Katiba inataka Rais awe raia wa kuzaliwa. Ibara ya 67, inayohusu ubunge, inataka raia tu, aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama. Kama aliyeandikishwa hakufungiwa bungeni, sioni kwa nini tumlilie kwenye kata. Wala si mambo mapya. Barbro Johansson alizaliwa Malmö, Uswidi, mwaka 1912, akaja Bukoba na wamisionari, akaingia Baraza la Kutunga Sheria kwa upande wa TANU kabla ya uhuru, kisha akachukua uraia wetu. Watu walimwita Mama Barbro. Derek Bryceson, Mwingereza aliyezaliwa China, alisimama Dar es Salaam mwaka 1965 dhidi ya Mwafrika, na wapiga kura Waafrika wakamchagua yeye. Kwa hiyo anayesema haijawahi kutokea, aseme hajawahi kusikia.

Mimi sina shida na pasi yake. Nina shida na mizani yake.

Mwaka juzi nilikaa yadini kwake karibu saa nzima, natafuta puli ya mashine ya kukoboa. Akaja kijana na toroli. Mzee akatoa sumaku aliyoifunga kamba, akawa anagusa kimoja kimoja: kinachonasa ni chuma, kisichonasa ni alminiamu au kopa, yaani shaba, na hapo bei inabadilika. Chini kabisa ya toroli kulikuwa na bati nene lililokunjwa mara mbili. Akalikunjua kwa goti. Pembetatu, ukingo mwekundu, na miguu ya watoto wawili wanavuka barabara. Vichwa vilikuwa upande wa pili wa mkunjo. Mzee hakusema neno. Akalirudisha torolini, akapima vilivyobaki, akalipa. Kijana akaondoka na alama yake ya barabarani, na yadi nyingine haiko mbali na pale.

Siku ile nilimpa heshima, na mpaka leo nampa. Lakini mfikirieni akiwa diwani. Mambo ya ushuru yanapita mbele yake. Yadi ikae wapi, mkutano wa madiwani unasema. Ile yadi nyingine inayonunua alama za barabarani, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele ifungwe, na atakuwa na haki. Ikifungwa, kopa yote ya mji itapita kwenye mizani yake. Wema wake na faida yake vitakuwa vimelala kitanda kimoja, na hakuna atakayejua kipi kilimwamsha, hata yeye mwenyewe.

Nawapa mfano wa mbali. Ernest Oppenheimer alizaliwa Friedberg, Ujerumani, mwaka 1880. Akiwa na miaka 16 alishaingia London kwenye biashara ya almasi, mwaka 1901 akapata uraia wa Uingereza, na 1902 akatumwa Kimberley, Afrika Kusini, kununua almasi. Mwaka 1912 akawa meya wa mji huo. Mei 1915 Wajerumani wakaizamisha Lusitania, meli ya abiria ya Waingereza, wenye hasira wakaingia mitaani kuwasaka watu wenye majina ya Kijerumani, na meya akaacha umeya na kuondoka Kimberley. Miaka mitatu ya kuwatumikia haikumsaidia kitu. Jina tu. Hapo upande wa "pasi" ulishinda, na ni aibu tupu.

Ila hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1917 alianzisha Anglo American, kampuni iliyokamata dhahabu ya Witwatersrand na baadaye shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1924 Kimberley ikampeleka bungeni. Mwaka 1929 akawa mwenyekiti wa De Beers, kampuni ya almasi na mwajiri mkubwa wa mji uleule, huku bado ni mbunge wake. Mdororo wa uchumi ukaja, almasi haziuziki. Ukizidi kuchimba bei inaanguka, ukisimama bei inashikilia. Mwaka 1932 De Beers ikasimamisha migodi yake ya Kimberley. Sasa niambieni, mchimbaji aliyepoteza kazi siku ile aende kumlalamikia nani? Mbunge wake? Ndiye mwenyekiti wa kampuni iliyomfungia.

Mwaka 1915 walimfukuza kwa kosa ambalo hakulifanya. Lile la kumuuliza hawakuliuliza.

Na sisi wa Kusini ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza. Chuma kimekuja hapa na kuondoka bila mtu kutubishia hodi. Mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947, ulituletea reli ya kwenda Nachingwea na bandari ya maji marefu. Karanga zikagoma, mradi ukafa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Bandari imebaki kwa sababu haing'oki.

Nawasilisha. Pingeni.

WA MASASI
Umezunguka sana mkuu. Oppenheimer na Kimberley vinatuhusu nini? Mimi nasema hivi: uongozi ni wa mtu mwenye kaburi la babu yake hapa. Mambo yakiharibika, yeye hana pa kwenda. Huyu wa Yemen yakiharibika ana paspoti ya pili moyoni. Gesi 2013 tulilia nini? Kwamba mali yetu inaamuliwa na watu wasiolala hapa.

MWANZISHA MADA
Ndugu yangu wa Masasi, walioamua bomba la gesi liende Dar es Salaam mwaka 2013, walikuwa wa kuandikishwa? Sheria yetu ilishawaona raia wa kuzaliwa. Kaburi la babu halikutusaidia.

WA NEWALA
Naomba niseme taratibu kwa sababu hili linanigusa. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma kwa mtumbwi, ana ndonya, lile pambo la mdomo, na mama yangu mgongoni, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964. Hakuandikishwa popote. Alilima, akachimba ming'oko, mizizi ya porini, njaa ilipobana, akazikwa kwenye mikorosho yake. Mwaka 2001 serikali ilipotangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, si raia, na Rais wa siku hizo ni mtoto wa Lupaso, Masasi, kwenu huko mkuu, mama yangu alizima redio. Hakuifungua siku mbili. Sisi watoto tukaambiwa ukiulizwa bibi yako wa wapi, sema wa Newala. Basi.
Kwa hiyo mnapoanza kupanga nani ana kaburi na nani hana, mjue katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, mtabaki wachache sana barazani. Bao litachezwa na mtu mmoja.

WA KILWA
Mimi naja na swali kwa mwanzisha mada. Unasema mfanyabiashara ya skrepa asiwe diwani kwa sababu anafaidika na maamuzi. Sawa. Wenye mikorosho je? Kila diwani wa huku ana mikorosho, na baraza linajadili ushuru wa korosho. Mwenye bodaboda anajadili barabara. Mwenye ngalawa anajadili samaki. Ukimtoa kila mwenye maslahi utabaki na nani, malaika? Malaika hawana vitambulisho vya kupigia kura.

MWANZISHA MADA
Hili la Kilwa ndilo lililoninyima usingizi, nakiri. Jibu langu ni hili. Mwenye mikorosho akipigania bei nzuri, jirani yake mwenye mikorosho anapata bei hiyohiyo. Maslahi yake yamo ndani ya maslahi ya wengi. Mwenye mizani hayuko hivyo, maana faida yake inaanzia pale ninapopunjika mimi.
Sisi wa korosho tunajua, hatuhitaji kufundishwa. Kangomba ni nini? Ni mtu anakuja mwezi wa njaa, korosho bado maua, anakupa hela ya unga, na msimu ukifika anapima kwa bakuli lake. Ukilalamika kwamba bakuli ni kubwa, anakwambia bakuli ni bakuli. Novemba 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuanza kuwasaka kangomba, hakuna aliyemuuliza kangomba babu yake kazikwa wapi. Wengi walikuwa wajomba zetu wa kuzaliwa.
Simzuii mkulima. Namzuia mwenye bakuli kuwa mkaguzi wa mabakuli.

WA LINDI MJINI
Lakini mkuu, umekimbia kitu kimoja. Huyo Oppenheimer wako alikaa bungeni kutoka 1924 hadi 1938. Ina maana hata baada ya migodi kufungwa 1932, watu wa Kimberley walimbakisha. Walijua ana kampuni na wakamtaka. Wewe nani uwazuie wapiga kura?

MWANZISHA MADA
"Watu wa Kimberley" wapi, kaka? Wachimbaji wengi walikuwa weusi, na wengi wao hawakuwa na kura. Waliombakisha si wale waliokuwa shimoni.

WA MASASI
Haya, umeshinda la Kimberley. Lakini hujatuambia unataka nini. Ni rahisi kukosoa ukiwa mwembeni.

MWANZISHA MADA
Nataka achague. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilimwambia kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Najua lilivyoonewa na kukwepwa, na najua Zanzibar mwaka 1991 masharti yalilegezwa. Sidai turudi huko kote. Baba yangu mwenyewe alipangisha vyumba viwili Magomeni. Lakini tulicholetewa baadaye, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, kinamtaka kiongozi atamke mali zake. Atamke. Yaani aandike "nina yadi ya skrepa", asaini, kisha jioni arudi yadini kupima. Fomu haijafunga geti.
Mimi nasema mzee huyu akitaka udiwani, nitampigia kampeni kwa miguu yangu, na nitagombana na nyote mnaomwita mkuja. Ila kwanza auze yadi, au aikabidhi kwa mtu asiyekula naye sahani moja.

WA NEWALA
Umemuuliza mwenyewe? Au tunamjadili mtu kama marehemu?

MWANZISHA MADA
Sijamuuliza. Kesho naenda.

MWANZISHA MADA
Nimerudi, wakuu. Samahani, kesho ilichukua siku sita.
Nilimkuta na sumaku yake, anachagua vipande vya radieta. Nikamweleza yote, hata la Wa Masasi kuhusu kaburi. Akacheka, akasema wazazi wa mke wake wamezikwa Mikindani na yeye ndiye aliyeshika jembe, kama kaburi linatosha anayo mawili. Nikafika kwenye mizani. Hapo akanyamaza, akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ofisini, yaani kontena, akatoka na karatasi kwenye fremu.
Leseni mpya ya biashara. Jina lililoandikwa ni la mwanawe mkubwa.
"Huyu kazaliwa Ligula," akaniambia. "Mama yake wa hapa. Mwembeni hamtamuita mkuja."
Nikamuuliza mwana analala wapi. Akanionyesha dirisha la juu, chumba kilichopakana na chake, ambako ufunguo wa mizani ulikuwa unaning'inia kwenye msumari.