Pikoboli: nimepiga mpira nikiwa nje ya jikoni, kwa nini ni kosa?

Mgeni_Uwanjani:
Wakuu, habari zenu. Nimeanza pikoboli hivi karibuni, ule mchezo wa raketi na mpira wa plastiki wenye matundu, tunacheza wawili kwa wawili. Kupiga mpira hakunisumbui kwa sababu nimecheza sana tenisi ya meza. Zinazonisumbua ni sheria.

Jana mpira umekuja juu juu karibu na wavu. Nikaupiga ukiwa hewani, miguu yangu yote ikiwa nje ya lile eneo la mbele wanaloliita jikoni. Ukatua kwao, ukawapita wote. Nikapiga hatua moja ili nisianguke, ncha ya kiatu ikagusa mstari. Wakasema kosa. Inakuwaje, na mpira ulikuwa umeshakufa?

Halafu mwenzangu ananikataza kabisa kuingia jikoni, kwa hiyo mipira mifupi yote naiacha. Ni sawa? Na kwa nini mchezo unaanza kwa kutaja "sifuri, sifuri, mbili"? Hiyo mbili inatoka wapi wakati hakuna aliyefunga?

MzeeWavu:
Mdogo wangu, karibu sana. Nawafundisha wanaoanza, na swali lako la kwanza ndilo ninalotamani kila mmoja aulize mapema.

Waliokuambia kosa wako sahihi. Jikoni ni futi 7 kutoka kwenye wavu, kila upande, na mistari yake imo ndani ya hesabu. Humo hupigi mpira ambao haujadunda. Wavu wa pikoboli ni mfupi, inchi 36 pembeni na inchi 34 katikati. Watu wakiruhusiwa kuuganda na kushindilia kila mpira, mchezo unakwisha kabla haujaanza. Kwa hiyo kwenye pigo la hewani, mwamuzi wa kweli ni miguu yako. Inaangaliwa tangu unapozungusha mkono hadi mwili utulie. Msukumo wa pigo ukikuingiza ndani, ni kosa hata kama mpira umekufa zamani. Raketi ikigusa humo, kosa. Kofia ikidondoka humo kwa msukumo huohuo, kosa. Lakini mwenzako aliye nje akiwahi kukushika shati ukabaki nje, umepona.

Fanya zoezi hili. Simama nyuma kidogo ya mstari, magoti yamelegea, uzito katikati ya nyayo na si kwenye vidole. Mtu akurushie mpira wa hewani. Upige, kisha ganda hapohapo, usisogeze hata kisigino mpaka mpira utue upande wa pili. Wengi wanaoyumba mbele ni kwa sababu wanaufuata mpira kwa kifua. Usubiri ukufikie, upige kwa mkono mfupi. Wewe wa tenisi ya meza, mkono mfupi unao tayari.

Kuhusu kuingia jikoni, mwenzako amekufundisha vibaya na ningependa alisome hili. Jikoni unaingia wakati wowote unaotaka! Mpira ukishadunda humo, ufuate, uinamie, uuinue taratibu upite juu ya wavu ukafie jikoni kwao. Hilo pigo la polepole ndilo utamu wa mchezo huu. Wanaoanza wanaukwepa mstari ule kana kwamba ndani kuna moto, wanapoteza pointi za bure. Kumbuka tu kwamba ukiwa umeingia, hupigi tena mpira wa hewani mpaka miguu yote miwili iwe imekanyaga nje. Kuruka kutokea ndani na kuupiga ukiwa angani hakukuokoi.

Zile namba tatu zinazotajwa ni hizi: pointi za wanaoanzisha, pointi za wapinzani, kisha kama anayeanzisha ni wa kwanza au wa pili wa timu yake. Kwa kawaida wote wawili huanzisha kabla zamu haijahama, na anayefunga ni upande unaoanzisha tu. Timu inayofungua mchezo ingefaidi mno, kwa hiyo inapewa mtu mmoja. Ndiyo hiyo "mbili": akipoteza, zamu inakwenda kwa wapinzani. Mnacheza hadi 11, na lazima mzidi kwa pointi 2.

Raketi_Mbili:
Mzee ameeleza vizuri, naongeza moja kwa sababu anayeanza itamponza: midundo miwili. Mpira wa kuanzisha lazima udunde kwa mpokeaji, na anaourudisha lazima udunde kwa walioanzisha. Baada ya hapo ndipo pigo la hewani linaruhusiwa. Kwa hiyo timu yako ikianzisha, bakini nyuma wote wawili mpaka ule wa kurudi udunde. Mkipokea, aliyerudisha akimbie mbele karibu na jikoni mara moja.

Na kuanzisha ni kwa mkono wa chini, kimshazari, mara moja tu. Mpira ukigusa wavu halafu ukaingia panapotakiwa, mnarudia.

MzeeWavu:
Hapo mwisho hapana, ndugu yangu. Kurudia kuliondolewa mwaka 2021. Ukigusa wavu ukatua panapotakiwa, mchezo unaendelea. Ukitua jikoni au kwenye mstari wa jikoni, ni kosa.

Kwa anayeanza, kuna njia rahisi: achia mpira uanguke wenyewe, udunde, kisha uupige. Usiurushe juu wala kuusukuma chini. Ukiuachia hivyo, masharti ya kuupiga chini ya kiuno hayakuhusu.

Mgeni_Uwanjani:
Mzee, shikamoo na asante sana. Sisi tunatumia kiwanja cha badimintoni, tumeshusha wavu tu. Mistari inafaa? Na mpira ukigusa mstari wa nje tunahesabuje, maana hatuna mwamuzi?

MzeeWavu:
Marahaba. Mistari ya nje inafaa kabisa, futi 20 kwa 44, ni ileile ya badimintoni ya wawili wawili. Wa jikoni ndio haufai. Mstari wa mbele wa badimintoni uko futi 6 na nusu kutoka kwenye wavu, kwa hiyo mnajipunguzia jikoni nusu futi. Bandikeni utepe kwenye futi 7, pande zote mbili, tena upimwe kwa futi ya fundi na si kwa hatua.

Mpira ukigusa mstari wa nje, umo ndani. Kila timu inaamua mipira iliyotua upande wake, na msipokuwa na hakika, mpira unahesabiwa umo ndani. Miguu ni tofauti: kosa la jikoni ukilijua la kwako, litaje mwenyewe hata kama hakuna aliyeliona.