Mwalimu ana mamlaka gani ya kuniambia "mwanao ana usonji"?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno makali, maana mwenzenu donge bado liko kooni.

Mwanangu ana miaka 5 na miezi miwili, yuko shule ya awali. Juzi nimekwenda kumchukua, mwalimu wake akanivuta pembeni palepale getini, watoto wanapita na mabegi yao, akaniambia: "Mama, mimi huyu naona ana usonji. Au ile ADHD. Mpelekeni hospitali." Basi. Mzazi mwingine akamwita, akaenda zake. Hata dakika tatu hazikufika. Nimebaki nimeshika chupa ya maji ya mtoto, kifuniko kimepotea, sijui nianzie wapi. (Kwa msiojua: usonji, kwa Kiingereza autism, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu; ADHD ni ile ya kukosa umakini na kutotulia kupita umri.)

Usiku sikulala. Kulipokucha hasira ikapanda: huyu udaktari kausomea wapi? Baba yake anasema mwalimu kafanya la maana, heri aliyesema kuliko aliyekaa kimya. Tumenuniana mpaka leo.

Msimamo wangu: mwalimu aeleze anachokiona, jina la hali aliache kwa wenye taaluma. Na shule isisubiri hilo jina ndipo ianze kumsaidia mtoto. Nipingeni.

Mwalimu wa awali

Pole, mama. Nianze kwa kukiri: pale getini mwenzangu alichemka. Habari kama ile haitolewi kwa kusimama, tena mtoto mwenyewe anasikia.

Lakini nawe jiweke kwenye viatu vyetu. Nikisema, naambiwa namtabiria mtoto mabaya. Nikinyamaza, akifika darasa la tatu hasomi, mzazi huyohuyo anakuja: "Mbona hamkuniambia?" Nimeshawahi kufokewa na mzazi mmoja kwa makosa yote mawili, miaka tofauti.

Siku hizi nina daftari. Siandiki "hatulii", kwa sababu hiyo ni hukumu. Naandika: Jumanne, saa ya hadithi, ameinuka mara 9 ndani ya dakika 15. Siku hiyohiyo amekaa na matofali ya mbao dakika 40, nimemwita mara tatu hajageuka. Tukibadilisha kazi bila kumtayarisha, analala sakafuni. Mzazi nikimwita namkalisha, nampa daftari asome mwenyewe, halafu namuuliza: nyumbani mnaona nini? Wengi hapo ndipo wanapovuta pumzi na kuanza kusema.

Jina silitaji. Ila sikufichi, mara nyingine linaniwasha ulimini.

Baba asiyetaka vyeti

Naunga mkono nusu ya kwanza ya hoja. Siku hizi mtoto akikimbia ana ADHD, akinyamaza ana usonji, akichagua chakula napo kuna jina lake. Zamani tulikuwa watundu na tumekua.

Na si maneno ya kijiweni tu. Kuna utafiti wa Kanada, mkoa wa British Columbia, ulichapishwa mwaka 2012, uliangalia watoto zaidi ya laki tisa. Kule mwaka wa shule hukatwa Desemba 31, kwa hiyo aliyezaliwa Desemba anakaa darasa moja na aliyezaliwa Januari ya mwaka uleule, karibu miezi 12 kabla yake. Wavulana wa Desemba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 30 wa kuambiwa wana ADHD kuliko wa Januari. Wasichana asilimia 70! Sasa niambieni, ugonjwa unajua kusoma kalenda? Mtoto ni mdogo tu kuliko wenzake, mwalimu anampima kwa kijiti cha wakubwa.

Mleta mada, mwanao darasani ni wa ngapi kwa umri? Anzia hapo kabla ya hospitali.

Niliitwa mvivu

Baba, hiyo takwimu ni nzuri, nimeikubali. Ila "tumekua" usiniwekee mimi mdomoni. Nimekua, ndiyo, lakini nimefikaje?

ADHD nimeambiwa ninayo nikiwa na miaka 31. Miaka yote ya shule nilikuwa na majina mengine: mvivu, kichwa maji, "ana akili ila hataki". Mnajadili kama vile mtoto ana chaguo la kuwa na jina au kutokuwa nalo. Hilo halipo. Asiyepewa jina na daktari hupewa na darasa, na la darasa halifutiki. Mwalimu mmoja alikuwa ananiweka dirishani "nipate hewa". Dirishani! Kila ndege aliyepita nilimfahamu.

Kwa hiyo mimi napingana na mleta mada. Mwalimu akilijua jina, alitaje, kwa heshima na faraghani. Mama yangu angelisikia neno hilo mapema angeacha kunichapa kwa kupoteza kalamu.

Mhudumu wa kliniki ya watoto

Naona hapa daktari anapewa kazi ambayo peke yake haiwezi.

Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoutambulisha. ADHD vilevile. Tunategemea historia, kumtazama mtoto, na taarifa za watu wanaoishi naye. Kwa ADHD, mwongozo unaotumika sana, ule wa madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM, toleo la mwaka 2013, unataka mtoto awe na angalau dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka, kupita kiasi kwa umri wake, zimedumu miezi 6 au zaidi, nyingine zilikuwepo kabla ya miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Hayo mazingira mawili ndiyo nyumbani na shuleni. Mtoto akija kwangu anakaa nusu saa katika chumba kigeni, mara nyingi ametulia kama maji ya mtungini, maana kila kitu ni kipya. Bila mwalimu mimi ni kipofu. Ndiyo maana tunampelekea fomu ajaze.

Na hicho "kupita kiasi kwa umri wake" ndicho jibu la Baba asiyetaka vyeti. Umri, si darasa. Anayejaza fomu akisahau hilo, ndipo watoto wa Desemba wanapoponzeka.

Jambo la pili, na hili nalisisitiza kwa mleta mada: kabla ya majina makubwa, masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa apimwe usikivu, hata kama unaamini anasikia. Nimeona watoto wenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio wanasikia leo, kesho hawasikii, na mwalimu anaandika "mkaidi". Uliza pia usingizi: anakoroma? Anapumulia mdomo? Mtoto aliyelala vibaya hawi mzito kama mtu mzima, anakuwa kama mwenye moto miguuni. Kuna na aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala kutetemeka, anaganda tu sekunde chache macho wazi, halafu anaendelea. Darasani wanasema anaota mchana.

Halafu "usonji au ADHD" si lazima iwe "au". Toleo la nyuma la mwongozo huo halikuruhusu mtoto apewe vyote viwili. Tangu 2013 inaruhusiwa, na wenye vyote viwili si wachache.

Mpita njia

Ni chanjo hizo. Watu hawasemi tu.

Mhudumu wa kliniki ya watoto

Wamesema sana, ndugu yangu, na wakapima. Makala iliyoanzisha hofu hiyo, kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ilitoka 1998, ilihusu watoto 12, na jarida lenyewe likaifuta 2010. Watoto waliochunguzwa baada ya hapo ni wengi mno na uhusiano haukuonekana. Usonji ulikuwa umeshaelezwa na daktari Leo Kanner mwaka 1943, miaka mingi kabla ya chanjo hiyo kuwepo. Turudi kwenye mada.

Mama wa binti mkimya

Mimi nitawaharibia furaha kidogo.

Mnazungumza kana kwamba jina likishapatikana mlango unafunguka. Kwangu ulifungwa. Binti yangu hakuwa na kelele. Alikuwa akimwangalia mwenzake na kumuiga: mwenzake akicheka anacheka, akifungua daftari anafungua. Shuleni "hana shida kabisa, mtoto mzuri". Nyumbani akivua viatu tu analia saa nzima, anajificha chini ya meza na mto kichwani. Nikisema shuleni, nadekeza. Nikaambiwa lete karatasi ya daktari ndipo tuangalie la kufanya. Nikahangaika miezi, nikaipata: usonji. Nikaipeleka nikidhani nimeleta ufunguo. Wiki haikuisha nikaitwa ofisini, kwa sauti ya upole kabisa: "Tunaona hapa hatuna uwezo wa kumhudumia ipasavyo."

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unasema mtoto asiondolewe kwenye mfumo wa elimu kwa sababu ya ulemavu wake, na apewe marekebisho yanayofaa. Naujua sasa. Siku ile ofisini sikuujua, nilisema asante na kuondoka.

Kwa hiyo swali langu kwa mwalimu: karatasi ya nini? Kama ni ya kumsaidia, mbona hamkuanza bila hiyo?

Mwalimu wa awali

Dada, hapo umenishika, na sitatetea shule iliyofanya hivyo.

Kwa upande wangu, mengi ninayoyafanya hayahitaji karatasi ya mtu. Ratiba ya picha ukutani, mtoto aone baada ya hili linakuja lipi. Kumwambia "dakika mbili zimebaki" kabla ya kubadilisha. Agizo moja kwa wakati, si "weka daftari, chukua chupa, panga mstari" kwa pumzi moja. Kumtuma apeleke chaki ofisini anapoanza kuchemka, arudi ametulia. Hayo nikimfanyia mwenye usonji, mwenye ADHD, mdogo kiumri na aliyeachwa na bibi yake aliyefariki wiki jana, wote yanawafaa. Karatasi inahitajika pale ninapoomba mwalimu msaidizi, au muda wa ziada kwenye mtihani, kwa sababu hapo anayeamua ni mtu mwingine.

Ila mjue pia, darasa la watoto wengi na mwalimu mmoja, picha ukutani hazijibandiki zenyewe.

Baba asiyetaka vyeti

Hapo kwenye kuanza bila karatasi sina ubishi. Ninachoogopa ni vidonge kwa mtoto wa miaka mitano. Ukikubali jina, kesho ni vidonge.

Mhudumu wa kliniki ya watoto

Kwa ADHD, chini ya miaka 6 ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani, toleo la 2019, unaanza na mafunzo ya malezi kwa wazazi na mbinu za darasani. Dawa hufikiriwa hayo yakishindwa na shida ikiwa kubwa. Na usonji hauna dawa ya kuuondoa, kwa hiyo anayekuuzia moja mkimbie.

Niliitwa mvivu

Na mimi nimeze vidonge vyangu kwa amani, Baba, nimeshavuka umri wa kuhurumiwa.

Mleta mada

Wadau nimerudi. Wiki tatu zimepita, naomba radhi kwa ukimya.

Niliandika barua fupi kwa mwalimu kuomba tukae. Tulikaa darasani baada ya watoto kuondoka, kwenye vile viti vidogo, magoti yamefika kidevuni, wote wawili tukacheka, na hiyo ilisaidia kuliko nilivyojiandaa. Aliniomba msamaha kwa lile la getini. Nami nikamwambia nilimtukana moyoni siku nne mfululizo.

Nilimwomba tuandike wote, yeye shuleni na mimi nyumbani, siku kumi, bila neno "mtundu" wala neno "usonji". Baba yake alibeba zamu ya jioni. Umri nao niliuliza, Baba asiyetaka vyeti: kati ya watoto 34 yeye ni wa tatu kutoka chini. Masikio yamepimwa, yako salama.

Tulipoweka madaftari mawili mezani, mengi yalifanana: kutogeuka akiitwa, kupanga vitu mstari, kurudia sentensi nzima ya mtu neno kwa neno. Lakini yale ya kujitupa chini yako kwenye daftari lake tu. Kwangu hakuna hata moja. Mwalimu akauliza, nyumbani mnafanyaje? Nikasema hatufanyi lolote. Tukarudi kwenye saa alizoandika. Karibu yote yametokea dakika moja au mbili baada ya kengele.

Kengele ya shule yao iko juu ya mlango wa darasa lao. Nyumbani hatuna kengele.

Tangu Jumatatu anatoka nje na mwalimu kabla haijalia. Ameanguka mara moja tu, siku mwalimu alipokuwa mgonjwa. Miadi ya daktari iko mwezi ujao na tutakwenda, madaftari yote mawili yako kwenye mkoba. Mama wa binti mkimya, kuhusu karatasi itakayotoka huko, kama nitaipeleka shuleni au nitaiweka kabatini, bado tunabishana na baba yake. Uliipeleka wewe mwenyewe au mlikwenda wawili?