Somo la media sekondari ya juu: shule isiyo na kamera ilianzishe?

Nyalenda B: Wadau, shule ya kutwa hapa Kisumu ina maabara moja ya kompyuta, kamera hakuna. Bodi inataka kuongeza Teknolojia ya Media kwa Gredi ya 10. Wazazi wamegawanyika: wengine wanasema ni kupotezea watoto muda, wengine wanasema kazi za siku hizi ziko huko. Ninyi mwaonaje?

Mzee Tarumbeta: Media ni ya wale hesabu imewashinda. Uingereza wanalo hilo somo kwa A-level, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, na wenyewe wanalicheka.

Fundi Kondele: Mzee wangu, shikamoo kwanza. Hilo somo liko mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), upande wa ufundi, pamoja na umeme na ujenzi. Unalichanganya na Maigizo na Filamu, ambalo liko mkondo wa sanaa. Hesabu unaitaka? Kamera inarekodi megabiti 50 kwa sekunde, kadi ni ya GB 32. Inajaa baada ya dakika ngapi? 85, maana biti 8 ni baiti moja. Asiyejua kuzidisha na kugawanya kwa 8 ataishiwa kadi bibi harusi bado yuko njiani.

Dada Milimani: Na huko Uingereza asilimia 70 ya alama ni mtihani wa kuandika, kazi ya mikono ni 30 tu. Wanaocheka wangejaribu kuufanya.

Kiamunyi: Kamera ya nini jamani? Simu yatosha. Walimu wanatafuta tenda tu.

Mwalimu wa Kaimosi: Tenda gani, kijana? Mwalimu wa somo la vitendo kazi yake ni kuomba: flash, waya, ufunguo wa maabara. Ukija na neno tenda, njoo na ushahidi.

Kiamunyi: Mwalimu, mbona umewaka? Nimesema simu yatosha, hilo hujajibu.

Fundi Kondele: Nalijibu mimi. Simu yatosha ukijua inapokuangusha. Umeme wetu ni Hz 50, kwa hivyo taa nyingi za darasani hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Simu ikijichagulia kasi ya shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, tuseme 1/60 ya sekunde, unapata michirizi inayotembea ukutani. Weka programu inayokuruhusu kufunga shata kwa 1/50 na fremu (picha) 25 kwa sekunde, michirizi inaisha. Pili, simu haishiki kasi moja ya fremu. Mwanga ukipungua inapunguza. Ukirekodi sauti kando, mwanzoni mdomo na maneno vinaenda pamoja, dakika ya kumi vimeshaachana. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uhariri.

Mzee Tarumbeta: Shule za bweni simu ni marufuku. Mmesahau?

Dada Milimani: Ameuliza shule ya kutwa, mzee. Soma swali.

Mzee Tarumbeta: Nimelisoma, dada. Nyinyi ndio mmeliacha mkaingia harusini. Na mkishawapa watoto kamera, mjiandae. Aprili 2025 pale Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na filamu, polisi walirusha vitoa machozi, wasichana wa shule ya Butere wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza.

Kiamunyi: Sasa hilo ni kosa la somo au la waliorusha?

Mzee Tarumbeta: Sijasema kosa la nani. Nimesema mjiandae.

Mwalimu wa Kaimosi: Turudi kwa vifaa. Ukiwa na pesa za kitu kimoja, nunua maikrofoni, kamera isubiri. Picha yenye giza watu huvumilia, sauti mbovu wanazima. Ile ya kubana shatini ikae shubiri moja chini ya kidevu, isisuguane na vifungo vya shati. Mita ya sauti icheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga 0 sauti imepasuka na hairudi. Na mvua ikianza kupiga mabati, acha. Ni vigumu programu kutoa hiyo kelele ikuachie mtu akiongea vizuri.

Dada Milimani: Kwa wanaokwenda kurekodi Dunga, ufukweni mwa ziwa: upepo wa ziwa huanza kuvuma mchana kuelekea nchi kavu. Nendeni asubuhi, na sponji iwe juu ya maikrofoni.

Kiamunyi: Nimejaribu hizo za bei rahisi kwa simu, hazishiki. Simu inarekodi kwa maikrofoni yake yenyewe.

Fundi Kondele: Angalia plagi. Ikiwa na miviringo miwili myeusi ni ya kamera. Ya simu ina mitatu. Kuna kiunganishi kidogo cha kubadilisha. Na usinakili faili refu kwenye flash ya FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, inakataa faili linalozidi GB 4. Kwa megabiti 50 hiyo ni kama dakika 11. Iformati iwe exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, lakini hamisha vilivyomo kwanza, maana itafuta kila kitu.

Mzee Tarumbeta: Hiyo 50 gawa kwa 8 ni 6.25. Mpaka hapo tuko pamoja.