Notsi naandika mpaka daftari linajaa, pepa ikija kichwa cheupe. Mnasomaje chuo?

Mwana wa Uvinza
Habari za muda huu wakuu.

Niko mwaka wa kwanza, nasoma famasia. Kidato cha sita nilitoboa kwa mtindo mmoja: mwalimu anaandika ubaoni, nanakili, usiku nakariri. Huku chuo mambo ni mengine. Mhadhiri anapandisha slaidi, anaongea kwa kasi, ukumbi umefurika mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi. Nikimaliza kunakili slaidi moja, yeye yuko ya nne. Jioni CR, kiongozi wa darasa, anatuma PDF ya slaidi zilezile kwenye grupu la WhatsApp, nabaki najiuliza mchana kutwa nilikuwa nanakili nini.

Testi ya kwanza ya fiziolojia nimeambulia 9 kati ya 20, na nilikuwa nimesoma. Slaidi zote nilizipitia, nikazipaka rangi ya njano, yaani nikiziangalia naona kabisa najua. Pepa ikauliza figo inavyorudisha maji mwilini. Slaidi yenyewe naikumbuka, mchoro ulikuwa upande wa kulia, ila maneno hayaji.

Naomba kujua: lekcha ikiendelea niandike nini? Kwa mkono au kwa laptopu? Na hawa wanaosoma madesa tu, yaani majibu ya pepa za zamani yanayorithishana, wakapata A, ni kweli?

Nawasilisha.

Bukua Usiku
Dogo karibu mjini. Acha kujitesa, tafuta madesa. Maswali ni yaleyale, wanabadilisha namba tu. Mimi nilikuwa nafungua daftari wiki ya mwisho na nimemaliza, cheti kiko ukutani.

Binti Kilosa
Bukua Usiku unampoteza mtoto wa watu. Desa linafanya kazi mpaka mwaka ule mhadhiri mwingine anaporudi kutoka masomoni na kukabidhiwa somo, hapo ndipo darasa zima linakutana kwenye sapu, mtihani wa marudio. Pepa za zamani azitumie, ila ajibu mwenyewe, asikariri majibu ya mtu ambaye hata hajulikani alipata ngapi.

Bukua Usiku
Haya mama mlezi 😂

Mfamasia wa Zamu
Mdogo wangu, kozi hiyo nimepita. Kwanza acha kunakili slaidi, slaidi utaletewa. Kinachopotea ukumbini ni kile mhadhiri anachosema nje ya slaidi: mfano anaoutoa, mshale anaouchora, lile "hapa watu wengi huwa mnakosea". Hivyo ndivyo vya kuandika.

Chukua karatasi, piga mstari wima kama sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto, kisha piga mwingine wa mlalo chini, uache nafasi ya mistari mitano hivi. Mtindo huu unaitwa Cornell, unatokana na Walter Pauk aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1950. Kulia ndiko unakoandika lekcha ikiendelea, kwa ufupi, mishale ruksa, sentensi nusunusu ruksa. Kushoto paache peupe. Jioni ileile unarudi, unaandika kushoto maswali ambayo majibu yake ni yale ya kulia. Chini unaweka sentensi mbili za ukurasa mzima kwa maneno yako.

Tuchukue hiyohiyo figo iliyokutoa jasho. Kulia umeandika: "Figo zote mbili huchuja lita 180 hivi kwa siku. Mkojo lita 1 hadi 2. Theluthi mbili ya maji na chumvi hurudi mwanzoni kabisa mwa mrija. Kitanzi cha Henle (kona ya mrija), sehemu nene inayopanda: chumvi inatoka, maji hayapiti. Homoni ya ADH hufungua njia za maji kwenye mrija wa kukusanyia."

Sasa kushoto usiandike "Kazi za figo". Hicho ni kichwa cha habari, hakikuulizi kitu. Andika: "Lita 180 zinachujwa, mkojo hauzidi lita 2, nyingine zimerudi wapi na kwa njia gani?" Andika: "Dawa ya furosemide inazuia chumvi isirudi pale Henle, kwa nini basi mkojo unaongezeka?" Hilo la pili utakutana nalo tena kwenye famakolojia, halafu utakutana nalo dirishani, siku mgonjwa wa moyo anakuuliza kwa nini dawa uliyompa inampeleka chooni kila mara.

Ukishaandika, funika kulia kwa karatasi, jibu kwa sauti. Ukikwama usifunue haraka, hangaika kwanza.

Jirani Mwema
Dada umeeleza vizuri, ila nani ana muda wa kurudia kila jioni? Ana masomo sita, maabara mchana, na maji hosteli yanatoka saa tisa usiku. Tuwe wakweli.

Mfamasia wa Zamu
Jirani, ukurasa mmoja maswali matatu. Matatu tu. Muda anaoutumia kupaka rangi ya njano unatosha na chenji inabaki.

Babu wa Vimbweta
Nimefundisha vyuoni miaka mingi, sasa nimepumzika. Kijana, umeandika sentensi moja ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe: "nikiziangalia naona kabisa najua." Kukitambua kitu kikiwa mbele yako ni jambo moja, kukitoa kichwani kikiwa hakipo ni jambo lingine, na pepa inapima hilo la pili.

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa Washington University mjini St. Louis, walitoa utafiti ambao nilikuwa nawasimulia wanafunzi wangu kila muhula. Waliwapa wanafunzi makala fupi mbili. Moja waliisoma na kuirudia. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika kila wanachokumbuka bila kuangalia. Waliopimwa baada ya dakika tano, makala waliyorudia kusoma iliongoza, asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja meza ikapinduka: waliyojipima asilimia 56, waliyorudia kusoma 42. Nanyi testi zenu hazifanyiki dakika tano baada ya kufunga daftari.

Na hiyo njano yako: mwaka 2013 Dunlosky na wenzake walizipitia mbinu kumi za kusomea. Kupaka rangi na kurudia kusoma wakaziweka daraja la chini. Kujipima, na kusoma kidogokidogo kwa kuachanisha siku, daraja la juu.

Kinyonga wa IT
Kuhusu laptopu, kuna utafiti wa Mueller na Oppenheimer wa 2014: walioandika kwa mkono walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kuelewa, kwa sababu wanaochapa hunasa maneno ya mhadhiri neno kwa neno bila kuyachuja. Watu wanaunukuu kama msahafu, lakini waliourudia baadaye hawakuona tofauti kubwa kiasi hicho. Mimi nachapa na sina shida. Ila kwa famasia yenye michoro ya miundo ya kemikali, utaichapaje? Tumia mkono huko. Laptopu ikiwepo ukumbini, zima intaneti, maana mpira ukianza fiziolojia haina mwenyewe.

Binti Kilosa
Kuna jambo hamjaligusa, lugha. Lekcha Kiingereza, slaidi Kiingereza, na wengi wetu tunaelewa kwanza kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa namweleza mwenzangu kwa Kiswahili tukiwa kimbwetani, kama namweleza mama yangu nyumbani. Nikishindwa kumwelewesha, najua sijaelewa, hata kama Kiingereza cha slaidi nakitiririsha. Nikishaelewa, naandika jibu lilelile kwa Kiingereza, kwa kalamu, nikiwa nimeweka saa mezani. Hatua hiyo ya mwisho msiiruke. Wapo waliokuwa walimu wa diskasheni nzima, wakafika kwenye pepa wakaandika mistari minne.

Mwana wa Uvinza
Mzee wangu shikamoo. Dada zangu na wakuu wote nashukuru sana. Naomba kuuliza, huku kuachanisha siku kunakuwaje? Nirudie lini?

Babu wa Vimbweta
Marahaba. Usitafute ratiba ya kimalaika. Jipime siku inayofuata, kisha baada ya siku tatu nne, kisha wiki ijayo. Swali ulilojibu bila kusita liache likae muda mrefu kabla hujalirudia, ulilokwama lirudishe kesho. Watu hutumia kadi za karatasi au programu ya Anki, ambayo inakupangia siku yenyewe. Kwa kompyuta ni ya bure. Tengeneza kadi zako mwenyewe, hizo za kupakua zimejaa mambo ambayo mhadhiri wako hakuyafundisha.

Jirani Mwema
Anki nami nilianza kwa mbwembwe, kadi zikalundikana mia kadhaa nikaikimbia. Dogo, weka chache kwa siku. Majina ya dawa, dozi, vitu kama hivyo. Mambo ya "eleza jinsi" yabaki kwenye karatasi.

Mwana wa Uvinza
Wakuu, mrejesho. Leo tulikuwa na lekcha ya moyo, nimejaribu huo mtindo. Maswali yangu ya kushoto ni haya:

1. Nini maana ya systole na diastole?
2. Kwa nini vali za moyo hazihitaji msuli wa kuzifungua na kuzifunga?
3. Eleza mzunguko wote wa moyo.

Nimefunika nikajibu. La kwanza sawa, la pili nusu, la tatu nimepotea njiani.

Mfamasia wa Zamu
La pili zuri sana, hilo limetoka kichwani mwako. Ukilimaliza lazima utaje shinikizo la damu kila upande wa vali, ukilitaja hilo umefika. La kwanza ni la kadi, lipeleke huko. La tatu ndilo limekuponza: si swali, ni sura nzima. Likate. Anza na "ventrikali ya kushoto inapoanza kubana, vali ipi inafungwa kwanza, na ile ya aota inafunguka shinikizo likifika wapi?" Likishajibika, songa hatua inayofuata. Kesho usiku niko zamu ya dawa za dharura, ukiweka hapa nitapitia kukiwa kimya.