Naomba ushauri: kompresa inameza sauti ya mwimbaji

Wakuu, habari zenu. Nimeunganisha kompresa (kifaa kinachobana sauti kali), mashine yenyewe siyo ya programu, kati ya priampu (kikuza sauti cha maikrofoni) na kadi ya sauti ya kompyuta. Uwiano wa kubana 4:1 (kila desibeli 4 zinazozidi kiwango nilichoweka hutoka 1), ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 5, rilizi (muda wa kuachia) 100. Mwimbaji akipaza sauti mshale unaonyesha imepunguzwa desibeli 10, na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. K na t za mwanzo wa maneno hazisikiki vizuri. Nikipandisha kizingiti (kile kiwango ambacho sauti ikikipita inaanza kubanwa), sauti kali zinapasuka kwenye kadi. Na kilichokwisha kubanwa wakati wa kurekodi hakirudi, hilo ndilo linaloninyima raha kabisa. Je, nirefushe ataki hadi 20 au 30, nibane desibeli 3 tu, mengine nimalizie kwenye programu? Au nianze kwa kupunguza priampu?